Woga wa Kusema Kiingereza, na Wanaosikiliza

Mwalimu yeyote wa Kiingereza katika shule za sekondari za kata hapa Mwanza anaufahamu ukimya ninaotaka kuuandikia. Unauliza swali jepesi, jambo mlilolisoma wiki iliyopita na kulirudia jana, na darasa zima linainamia madawati. Ukiwaambia waandike jibu hilohilo kwenye daftari, wengi wanaandika sentensi iliyo sahihi au inayokaribia usahihi. Maana yake maneno wanayo, na sarufi ya kiasi cha kujibia wanayo pia. Kinachowafunga midomo ni wale watakaosikia, hasa wenzao wa madawati ya nyuma, na nimefikia kuamini kwamba mwalimu wa lugha ya kigeni asiyelishughulikia jambo hilo kwanza atamaliza nguvu zake kwenye sarufi na msamiati na kuambulia kidogo sana.

Nafundisha kidato cha kwanza na cha pili upande wa Ilemela. Wanafunzi wangu wanakaa Nyakato, Buswelu, Kirumba na Pasiansi, lakini ukiwauliza kwao ni wapi, majibu yanalizunguka ziwa: wapo Wasukuma wa Magu na Misungwi, Wakerewe na Wakara waliotoka visiwani, Wajita wa Mara, Wazinza wa Sengerema na Wahaya wa Kagera. Wengi wao walijifunza lugha ya nyumbani kwa bibi na Kiswahili kwa majirani, bila kitabu na bila mwalimu, kwa hiyo wanapoingia kidato cha kwanza Kiingereza ni lugha yao ya tatu. Huwa nawakumbusha jambo hilo mapema kabisa, kwa sababu mtoto aliyekwisha kupata lugha mbili kabla hajafikisha miaka kumi hawezi kuambiwa na mtu yeyote kwamba hana kichwa cha lugha.

Tatizo ni kwamba Kiingereza hakimfikii kama lugha nyingine tu ya kuongezea. Katika shule ya msingi ya serikali alisoma masomo kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo, kisha sekondari Biolojia, Jiografia, Historia na Hisabati zote zinageuka kuwa za Kiingereza baada ya wiki chache za kozi ya awali. Suala hili si geni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walikuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Serikali iliamua kuendelea na Kiingereza. Mjadala huo ni mpana na una watetezi makini pande zote. Mimi nauchukulia upande mmoja tu unaohusu hisia za mtoto. Mtoto asiyeweza kueleza kwa Kiingereza namna mmea unavyojitengenezea chakula anaonekana haelewi mmea wenyewe, hata kama angelieleza jambo hilo vizuri sana kwa Kiswahili. Kiingereza kimegeuzwa kipimo cha akili, na hapo ndipo kosa dogo la kutamka linapopata uzito usiostahili, kwa kuwa wenzake hawasikii kosa la lugha, wanasikia ushahidi kwamba mwenzao ni mjinga.

Kipimo hicho hakiishii shuleni. Nani hajaona mgeni anapofika nyumbani, baba akamwita mwanawe sebuleni na kumwambia, «Hebu ongea Kizungu tusikie»? Mtoto anasimama mbele ya wajomba na shangazi, hana la kusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza kitu, na anatakiwa atoe Kiingereza kama mtu anayeonyesha cheti. Baba ana nia njema na amelipa michango ya shule kwa jasho. Lakini anachojifunza mtoto pale sebuleni ni kwamba Kiingereza ni lugha ya kupimiwa mbele ya watu.

Mwaka 1986 Elaine Horwitz wa Chuo Kikuu cha Texas, pamoja na Michael Horwitz na Joann Cope, walichapisha makala iliyoupa woga huu nafasi yake katika utafiti. Walisema kwamba hofu ya darasa la lugha ya kigeni ina sura yake yenyewe, tofauti na aibu ya kawaida ya mtu mpole, na wakatunga dodoso la kauli 33 la kuipima. Waliihusisha na mambo matatu: hofu ya kuwasiliana na watu, hofu ya mitihani, na hofu ya kuhukumiwa vibaya na wengine. Nimelitumia dodoso hilo kama mwongozo wa mazungumzo na wanafunzi wangu, nikiwauliza kwa Kiswahili, mmoja mmoja. Kuhusu mitihani walizungumza kwa utulivu, kwa sababu mtihani unafanywa kimya na karatasi inaonekana na msahihishaji peke yake. Walipofika kwenye kauli zinazohusu kuchekwa na wenzao ndipo walipoanza kusimulia, kwa majina na kwa tarehe, nani alimcheka nani na kwa neno lipi.

Kwa nini woga unaharibu kujifunza, badala ya kumpunguzia mtoto raha tu? Peter MacIntyre na Robert Gardner, wanasaikolojia wa Kanada, walilifanyia jaribio mwaka 1994. Wanafunzi waliokuwa wakijifunza maneno mapya kwenye kompyuta waliwekewa kamera ya video katika hatua tofauti za kazi hiyo, na kila kamera ilipoingia, hofu ilipanda na kujifunza kukadorora. Maelezo yao ni kwamba akili ya mwenye hofu inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: nusu inashughulika na lugha, nusu inajichunga yenyewe. Stephen Krashen wa Marekani aliwahi kuliita jambo linalokaribiana na hili kichujio cha hisia, yaani hofu na kukata tamaa vinazuia lugha isizame hata pale mwanafunzi anapoisikia. Naiheshimu fikra hiyo, ila inaniacha na shaka moja kubwa. Inamfanya mtu aone kana kwamba kichujio kimo ndani ya mtoto, ni cha kwake, na yeye ndiye wa kutibiwa. Kwa niliyoyaona darasani, hofu ile inakaa katikati ya watu. Mtoto yuleyule aliye bubu mbele ya wanafunzi sabini anakuwa msemaji mzuri akibaki na rafiki mmoja chini ya mwembe.

Nitoe mfano mmoja ninaoufahamu vizuri. Msichana mmoja alihamia kwetu kidato cha pili akitokea Ukerewe. Siku za mwanzo alisoma kwa sauti aya fupi iliyohusu visiwa, na katika neno la Kiingereza la kisiwa akaitamka ile herufi ya s ambayo Waingereza huiandika bila kuitamka. Alisoma kama anavyosoma mtu yeyote aliyefundishwa kusoma kwa Kiswahili, lugha inayotamkwa kama ilivyoandikwa, na kwa kweli alikuwa na mantiki kuliko tahajia yenyewe. Darasa lilicheka. Kufika mapumziko neno lile lililochapiwa lilikwisha kuwa jina lake la utani, na kwa majuma mengi hakufungua mdomo katika kipindi changu. Nilipokusanya madaftari niligundua jambo la pekee: kurasa za mwisho za kaunta buku lake zilijaa sentensi za Kiingereza, kila moja ikiwa jibu la swali nililouliza darasani, zimeandikwa, zikasahihishwa kwa kalamu nyekundu yake mwenyewe, na nyingi zilikuwa safi kabisa. Alikuwa akijibu kila swali. Alikuwa akijibu peke yake, kwa maandishi, mahali ambapo hakuna wa kumsikia.

Hata hivyo kukosea ni nusu tu ya hatari. Nusu nyingine, inayosahaulika mno, ni kupatia. Mwanafunzi anayejibu kwa Kiingereza kilichonyooka, na hasa anayekiendeleza nje ya darasa, anaambiwa anajidai, anatema ung'eng'e, anajiona Mzungu. Wavulana wanalipa gharama hii kuliko wasichana, kwa uchunguzi wangu, kwa sababu uanaume wa vijana wa umri ule unategemea sana kuwa sawa na kundi. Basi mtoto akikosea anachekwa, akipatia anasutwa. Akipima pande zote mbili anaona kwamba salama yake ipo katika kunyamaza, na sidhani kama mtu mzima yeyote mwenye busara angechagua tofauti.

Hapo nadharia za motisha zinasaidia, mradi tuzilete nyumbani kwa uangalifu. Robert Gardner na Wallace Lambert, waliowachunguza wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kifaransa mjini Montreal, walitofautisha anayejifunza lugha kwa kutaka kuwa karibu na wenye lugha hiyo na anayejifunza kwa faida kama vile kazi. Kule Montreal, utashi wa kuwakaribia wenye lugha ulionekana kuwa na nguvu kubwa. Walipochunguza Kiingereza Ufilipino, ambako lugha hiyo ilikuwa ya shule na ya ajira, faida ilionekana kuwa na uzito wake pia, na sisi tunafanana zaidi na Ufilipino kuliko Montreal. Mtoto wa Buswelu hana jirani Mwingereza wa kutaka kumkaribia. Watu wanaozungumza Kiingereza anaowaona ni Watanzania wenzake: watoto wanaopandishwa basi la njano kwenda shule ya Inglish midiamu, au meneja wa benki. Kuikaribia lugha hiyo ni kulikaribia tabaka lile, na marafiki zake wanaliona jambo hilo kabla yake, ndiyo maana wanamwambia anajidai. Wanamuuliza kwa njia yao kama bado ni mwenzao.

Zoltán Dörnyei, mtafiti kutoka Hungaria, alipendekeza mwaka 2005 tuangalie taswira ya mtu anayetamani kuwa: je, mwanafunzi anaweza kujiona kesho akiitumia lugha hiyo, na mtu huyo wa kesho anafanana naye? Swali hilo limenisaidia kuliko mengine yote. Nilimwalika kijana mmoja anayewaongoza watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, ile hifadhi ndogo tunayoiona kutoka Capri Point, aje azungumze na kidato cha pili. Alikuja na viatu vyenye vumbi, akaeleza kwa Kiingereza kuhusu pimbi wanaoota jua juu ya mawe, akakosea nyakati za vitenzi mara kwa mara, akakwama kwenye neno na kulizunguka kwa maneno mengine, na hakuomba radhi hata mara moja. Kisha akageukia Kisukuma kumjibu mtoto aliyemtania. Baada ya hapo wavulana wawili wa nyuma, ambao hawakuwahi kuniuliza chochote, walitaka kujua ukikwama kwenye neno mbele ya mgeni unafanyaje. Nasema kwa uhakika kwamba Mwingereza fasaha asingezaa swali lile.

Ukitaka kuona lugha ya kigeni ikijifunzwa bila woga huu, nenda Mwaloni, Kirumba. Soko la samaki na dagaa pale linapokea wanunuzi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na akina mama wanaouza dagaa wamejipatia Kifaransa cha bei, maneno ya Kilingala na Kiswahili cha Kongo kinachotofautiana na chetu kwa mengi. Nilimtazama mama mmoja akimweleza mnunuzi tofauti ya dagaa waliokaushwa kwenye chanja na waliokaushwa mchangani. Alichota kiganja kutoka gunia la kwanza, akawapuliza, akafungua kiganja mbele ya uso wa yule bwana kumwonyesha kwamba hakuna chembe ya mchanga, akataja bei kwa Kifaransa, akakosea tarakimu, yule bwana akashtuka, wote wawili wakacheka, kisha mama akaiandika bei kwenye simu na kuitamka upya akiisoma. Alisahihishwa hapohapo, mbele ya watu, na hakuna aliyeshuka hadhi. Bonny Norton, aliyewachunguza wanawake wahamiaji nchini Kanada na kuandika matokeo yake mwaka 1995, anasimulia jambo la jamii hiyo: mwanamke kutoka Chekoslovakia aliyekionea aibu Kiingereza chake alibishana kwa muda mrefu kwenye simu na mwenye nyumba kuhusu kodi, kwa sababu alizungumza kama mama mwenye watoto wa kulinda, si kama mwanafunzi wa lugha.

Ni rahisi kusema kwamba yule mama wa Mwaloni anajifunza kwa kuwa anahitaji hela. Maelezo hayo hayatoshi. Wanafunzi wangu wanakihitaji Kiingereza vilevile. Upimaji wa kidato cha pili unawasubiri na mtihani wa kidato cha nne unafuata, na haja hiyo haijawafungua midomo. Tofauti iko kwa msikilizaji. Mnunuzi wa Kongo anamhitaji muuzaji kama muuzaji anavyomhitaji yeye, wote wawili wanachechemea katika lugha ya mwenzake, na kila mmoja ana sababu ya kutaka mwenzake aeleweke. Darasani, msikilizaji hana haja na anachosema mwenzake, kwa sababu jibu linajulikana tayari; kilichobaki cha kusikiliza ni makosa.

Watu wa huku tunaujua utani na tunajua masharti yake. Mtani anaweza kukucheka hata msibani, kwa kuwa nawe una haki ileile juu yake na nyote mmelelewa mkijua hivyo. Kicheko cha darasani hakina masharti hayo. Anayechekwa hana haki ya kujibu, na wanaocheka ni wengi, na wengi wao wanacheka kwa sababu wakimcheka huyu leo, hawatachekwa wao.

Na sisi walimu tumo. Keith Chick, aliyechunguza madarasa ya KwaZulu nchini Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi, alionyesha jinsi mwalimu na wanafunzi wasioimudu vema lugha ya kufundishia wanavyoelewana kimyakimya kulindana heshima: mwalimu anaanza sentensi, wanafunzi wanamalizia neno la mwisho kwa pamoja, kwa sauti kubwa, na kipindi kinaonekana kimechangamka ingawa hakuna aliyelazimika kusema la kwake. Nikipita nje ya madarasa yetu nasikia kiitikio hicho kila siku. Sitawalaumu wenzangu kwa hilo. Mwalimu wa Fizikia ambaye naye alisomeshwa kwa namna hiyohiyo analinda heshima yake na ya watoto kwa njia aliyo nayo. Ninachokilaumu bila kusita ni ile desturi, ambayo bado ipo katika baadhi ya shule, ya kumvika kibao shingoni mtoto aliyeongea Kiswahili, au kumpa ufagio, au kumchapa. Anayeadhibiwa kwa kuongea lugha anayoijua hahamii kwenye asiyoijua. Anaacha kuongea.

Darasani kwangu, sheria ya kwanza ya muhula ni kwamba hakuna kumcheka aliyechapia, na sheria hiyo ina uzito sawa na ile ya kutoiba. Lakini katazo peke yake halifiki mbali, hivyo nabadilisha msikilizaji. Kila swali linapita kwanza kwa watu wawili walio dawati moja, wanajadiliana hata kwa Kiswahili, wanalitunga jibu kwa Kiingereza, kisha mmoja analisema kwa niaba ya wote wawili. Kosa likitokea ni la dawati. Mara nyingi natoa kazi ambazo kila mmoja ana nusu ya habari asiyokuwa nayo mwenzake, kwa mfano ratiba ya kivuko cha kwenda Nansio iliyogawanywa vipande viwili, ili anayesikiliza awe na haja ya kweli ya kuelewa. Hapo wanaulizana, wanarudiana, wanasahihishana, na hawana nafasi ya kucheka.

Jambo la pili ni kusubiri. Mary Budd Rowe, aliyerekodi vipindi vya sayansi huko Marekani, alikuta kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja hivi kabla ya kuingilia kati, na kwamba wakifikisha sekunde tatu majibu yanarefuka na wanafunzi waliokuwa wakinyamaza wanaanza kujitokeza. Hao walikuwa wakijibu kwa lugha waliyoizoea. Anayetafsiri kichwani kutoka Kisukuma kupitia Kiswahili anahitaji zaidi ya hapo, na sekunde hizo ni ngumu kwa mwalimu kuzivumilia kuliko mtu anavyodhani.

Kuhusu kusahihisha, nafuata kwa sehemu walichokikuta Roy Lyster na Leila Ranta mwaka 1997 katika madarasa ya Kifaransa huko Kanada: walimu walipenda zaidi kulirudia kosa wakiwa wamelinyoosha wenyewe, na njia hiyo ilikuwa hafifu katika kumfanya mwanafunzi ajirekebishe. Kumuuliza au kumpa nafasi ya kujirudi kulifanya kazi vizuri zaidi. Nafuata kwa sehemu, kwa sababu mtoto aliye na jeraha la kuchekwa hawezi kusimamishwa ajirekebishe hadharani. Kwake huyo nanyoosha sentensi kwa upole na kuendelea, na kosa tunalirudia baadaye tukiwa wawili. Yule msichana wa Ukerewe nilimwomba asome moja ya sentensi zake za nyuma ya kaunta buku kwa jirani yake tu. Kwa muda mrefu hakuvuka hapo, nami sikumsukuma. Siku hizi anasema kwa niaba ya dawati, kwa sauti ndogo, akiwa na daftari mkononi.

Muhula huu nimelipeleka jambo hili kwa wenzangu wa Biolojia na Jiografia, kwa kuwa sheria inayofuatwa katika kipindi changu na kuvunjwa katika kinachofuata haimlindi mtoto. Mwenzangu wa Biolojia ana pingamizi la haki: kipindi ni dakika arobaini, muhtasari ni mrefu, na akimsubiri kila mwanafunzi hatamaliza mada kabla ya mtihani. Tumekubaliana waanze na dakika kumi za dawati kwa dawati, Kiswahili kikiruhusiwa katika kujadiliana, na kwamba katika masomo yote matatu kumcheka mtu kutachukuliwa kwa uzito uleule. Mwenzangu wa Jiografia ameanza na mada ya ramani. Ninapokuwa sina kipindi naingia darasani kwake, nakaa nyuma na kuandika ni wanafunzi gani waliosema, siyo wangapi tu, kwa maana idadi inaweza kupanda huku wasemaji wakiwa walewale.